Tachi ya laptopu imegoma au inajibonyeza yenyewe? Pima haya kabla hujalipia kioo kipya

Ndugu zangu wa Dodoma, na mlioko Singida, Manyoni, Kongwa, Mpwapwa mpaka Kondoa huko, naandika hii kwa kirefu kwasababu naona watu wanapoteza hela zao bure na inaniuma. Laptopu za tachi zimejaa mjini saivi, zile za kugeuza kioo mpaka nyuma, HP x360, Lenovo Yoga, Dell Latitude za kukunja, nyingi zimeshatumika mashuleni na maofisini nje ya nchi ndo zikaletwa huku, na bei yake mwanafunzi wa UDOM au wa Mipango akijibana anaipata. Sasa ngoja tachi igome. Neno la kwanza mtu anaambiwa ni "kioo kimekufa hicho, badilisha", na kioo cha tachi hakilingani bei na kioo cha kawaida, mtu anaenda kukopa kwenye kikundi au anaomba nyumbani wauze gunia la alizeti, anabadilishiwa, na wiki mbili mbele shida ile ile imerudi. Imerudi kwasababu kioo hakikuwa na shida tangu mwanzo.

Ninachotaka ujue ni hiki, shida ya tachi inakaa sehemu tatu, ndani ya Windows, kwenye umeme, au kwenye kioo chenyewe na waya wake. Kujua iko wapi kati ya hizo tatu hakuhitaji bisibisi wala fundi, unapima mwenyewe ukiwa umekaa chumbani kwako.

Anza kwa kuhakikisha mashine yako ina tachi kweli. Kuna matoleo, mfano HP EliteBook 840, yalitengenezwa yenye tachi na yasiyo na tachi na kwa nje huwezi kuyatofautisha kirahisi, alafu kuna laptopu zilizowahi kuvunjika kioo huko zilikotoka zikawekewa kioo cha kawaida, kwaiyo mnunuzi anaambiwa ni tachi kwasababu jina la mashine ni la tachi. Fungua Settings, ingia System, shuka mpaka About, tafuta mstari umeandikwa Pen and touch. Ukikuta Touch support with 10 touch points basi kompyuta inaiona tachi na hapo umeshapata habari njema, maana waya upo na chipu inaongea. Ukikuta No pen or touch input basi ama haina tachi, ama imezimwa, ama draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) haipo, ama waya umeachia. Usikate tamaa hapo, endelea.

Kidogo nieleze inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa mengine yote utayafikiria mwenyewe. Tachi ya laptopu haipimi nguvu ya kidole, inapima umeme. Juu ya kioo kuna gridi ya njia nyembamba sana za umeme ambazo macho hayazioni, kidole kikisogea kinavuta chaji kidogo sana kutoka kwenye gridi, chipu inahesabu chaji imepungua wapi ndo inajua umegusa wapi. Ndio maana ukucha peke yake haufanyi kitu, na ukivaa glavu za kawaida haifanyi kitu. Na ndio maana tone la maji, jasho na umeme mchafu wa chaja vinaweza kuidanganya ikadhani kuna kidole wakati hakuna. Alafu jua picha na tachi ni vitu viwili tofauti, picha inaweza kuwa safi kabisa na tachi imekufa, au kioo kina nyufa na tachi bado inadunda.

Haya, tuanze na Windows maana ndo rahisi.

Restart. Najua umeshaambiwa, ila sikiliza, kuzima na kuwasha sio sawa na Restart. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down mashine haizimi vyote, inahifadhi sehemu ya mfumo ili kesho iwake haraka, kwaiyo draiva iliyochanganyikiwa leo inahifadhiwa ikiwa imechanganyikiwa hivyo hivyo na kesho inaamka nayo. Restart ndio inasafisha na kuanza upya. Kwaiyo mtu anaposema nimezima nimewasha mara zote hizo haijapona, mwambie abonyeze Restart. Ikishindikana, zima, chomoa chaja, chomoa na flashi na kila kilichochomekwa, alafu shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 bila kuachia, iache ipumzike kidogo ndo uiwashe. Hiyo inamaliza umeme uliobaki ndani na chipu ya tachi inaanza upya. Hapa kwetu miezi ya Juni mpaka Oktoba hewa ni kavu na upepo haulali, ile hali ya kuvua sweta unasikia linalialia na nywele zinasimama ndio umeme tuli huo, na tachi ikipigwa na umeme tuli inaweza kuganda mpaka uifanyie hivyo. Nimeona mashine nyingi zinapona hapa hapa.

Kama bado, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager. Shuka mpaka Human Interface Devices, ifungue, tafuta HID-compliant touch screen. Angalia kwa makini. Ikiwa na kamshale kanaangalia chini, mtu ameizima, bonyeza kulia uchague Enable device, imeisha. Ikiwa na pembetatu ya njano, draiva ndo tatizo. Ikiwa haipo kabisa, nenda juu kwenye View uchague Show hidden devices, ikitokea imefifia maana yake kompyuta iliwahi kuiona ila kwa sasa haiioni, na hiyo inanifanya nishuku waya zaidi kuliko Windows. Ikiwa ipo na haina alama yoyote ila haifanyi kazi, bonyeza kulia Uninstall device, alafu juu kwenye Action bonyeza Scan for hardware changes, itaisoma upya yenyewe. Usiogope kuifuta, inarudi.

Kuna jambo moja linawatesa sana watu ambao laptopu zao zimetoka kupigwa Windows, na kwa sasa ni wengi kwasababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wakakimbilia kupiga Windows 11. Fundi anapiga Windows kwa flashi, anaweka programu za kuandikia, anaweka antivairasi, anakurudishia, tachi hamna. Kioo hakijaharibika. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni tachi inaongea na kompyuta kupitia njia inaitwa I2C, na njia hiyo nayo ina draiva yake, kwenye mashine za Intel inaitwa Serial IO. Isipokuwepo hiyo, Windows haioni tachi kabisa, unaweza ukafuta na kurudisha hiyo ya touch screen mpaka asubuhi na isitokee. Suluhisho, ingia Windows Update, tafuta Advanced options alafu Optional updates, mara nyingi draiva inakuwa imekaa pale inasubiri kuwekewa tiki. Isipokuwepo ingia tovuti ya waliotengeneza mashine, weka namba yako, kwa Dell inaitwa Service Tag iko kwenye kistika au imechapwa chini ya laptopu, kwa HP na Lenovo tumia serial namba, shusha draiva za chipset na Serial IO kwanza ndo ufuate za tachi. Usishushe zile programu zinazojitangaza kwamba zitakuwekea draiva zote kwa kubonyeza mara moja, nyingi zinajaza takataka na zingine zinakudai hela katikati ya safari.

Tachi inayokufa kila ukifunika laptopu na kuifunua, alafu Restart inaiponyesha, hiyo ni habari ya kubana umeme. Kwenye Human Interface Devices tafuta I2C HID Device, bonyeza kulia Properties, kama kuna ukurasa wa Power Management ondoa tiki kwenye ile sentensi ya kuruhusu kompyuta izime kifaa kuokoa umeme. Tachi ya kwenye mashine za zamani inayopita njia ya USB, tiki hiyo utaikuta kwenye USB Root Hub.

Na ukigusa hapa inabonyeza kule? Kabla ya kufikiria kioo, tafuta kwenye Windows Calibrate the screen for pen or touch input, kitafunguka kidirisha cha Tablet PC Settings, bonyeza Reset. Mimi naanza na Reset siku zote sio Calibrate, maana kalibresheni, yaani kuifundisha tachi upya kwa kugusa alama kwenye kioo, iliyofanywa haraka haraka mkono ukitetemeka ndiyo inayoleta huo mkengeuko kwanza. Hapo hapo kuna kitufe cha Setup, hicho ni muhimu kwa ndugu zetu wa maofisini Mtumba na wote wanaochomeka projekta au skrini ya pili. Windows wakati mwingine inahamishia tachi kwenye skrini ya nje, kwaiyo unagusa laptopu yako na kinachobonyezwa ni upande wa projekta, mkutano umeanza na wewe unahangaika. Bonyeza Setup, itakuuliza skrini ipi ndo ya tachi, gusa ile ya laptopu, kwa ile nyingine bonyeza Enter ipite.

Sasa njoo kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakina gharama. Fungua Paint, chagua brashi, tanua kidirisha kijaze skrini nzima, alafu kwa kidole kimoja chora mistari ya kulala kutoka ukingo mpaka ukingo, karibu karibu, mpaka skrini nzima ijae, alafu chora ya kusimama. Usibandue kidole. Kisha itazame michoro yako. Mstari ukikatika sehemu ile ile kila mara, na sehemu hizo zikijipanga kuwa utepe mmoja ulionyooka wa kusimama au wa kulala, basi njia moja ya gridi imekufa na hapo kweli ni kioo, hakuna draiva itakayoliponyesha hilo. Mistari ikiwa inatetemeka kama meno ya msumeno wakati mkono wako umetulia, nenda kwenye umeme, nakuja huko. Ikikatika hovyo leo hapa kesho pale, shuku uchafu au waya. Vidoti vikijitokeza vyenyewe bila wewe kugusa, mkono uko mbali kabisa, basi tachi inajibonyeza, piga picha kwa simu uone vinatokea wapi, maana vikijazana kona moja iliyo karibu na bawaba au karibu na ufa, umeshapata mkosaji.

Rudia kipimo hicho hicho ukiwa unabadilisha pembe ya kioo. Fungua kidogo, chora. Fungua nusu, chora. Lalisha mpaka mwisho, chora. Tachi ikifa kwenye pembe fulani na kufufuka ukirudisha, basi waya unaopita kwenye bawaba umechoka, na hilo ndilo la kawaida kwenye hizi za kugeuza maana waya unakunjwa kila siku kwa miaka. Waya tu! Waya unauzwa peke yake na bei yake iko mbali sana na bei ya kioo. Ukimkuta fundi anakuambia kioo wakati wewe umeshaona kwa macho yako kwamba inategemea pembe, mwambie bila kuogopa, kwa heshima, "fundi naomba uanze na waya".

Umeme sasa. Hapa nataka nikae kidogo maana kwa Dodoma naona ndipo watu wengi wanapopotea.

Dada mmoja mwanafunzi alileta laptopu yake analia inajifungulia madirisha yenyewe, inafuta alichoandika, akashaambiwa ni virusi, akaambiwa tena ni kioo. Tukaichomeka, kweli, mshale unarukaruka, menyu zinafunguka. Nikachomoa chaja tu. Ikatulia tuli. Nikachomeka, ikaanza. Kioo kilikuwa kizima, kasoro ilikuwa kwenye chaja aliyonunua barabarani baada ya ile ya mwanzo kufa.

Ndio maana nasema kila mtu afanye hivi, tachi ikichachamaa chomoa chaja, tumia betri dakika tano. Ikitulia, tatizo ni umeme unaoingia, sio kioo. Chaja ya laptopu inabadilisha umeme wa 230V wa ukutani kuwa volti ndogo, na katika kubadilisha huko kuna kelele za umeme zinazalishwa, chaja nzuri inazichuja na nyingi zinazitupa kwenye athi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Kusipokuwa na athi kelele zinatafuta njia kupitia bodi ya laptopu, yaani gamba lake la nje, na kupitia wewe unayeigusa, na tachi inayopima chaji ndogo namna ile inachanganyikiwa. Dalili yake unaijua hata kama hukuwahi kuijua maana yake, ukipitisha mgongo wa mkono taratibu juu ya bodi ya chuma wakati iko kwenye chaji unasikia kama inatetemeka, ina ukakasi fulani. Ukichomoa chaja bodi inakuwa laini.

Chukua ule waya unaotoka ukutani kwenda kwenye boksi la chaja, uchomoe upande wa boksi uutazame. Una matundu matatu au mawili? Mawili maana yake hauna athi kabisa. Matatu, sawa, ila tazama unachomeka wapi, kama umechomeka kwenye adapta ya pini mbili, au kwenye ekstensheni iliyounganishwa kwa waya wa nyuzi mbili, athi imekatikia hapo. Hosteli nyingi na vyumba vya kupanga maeneo kama Ng'ong'ona, Nkuhungu, Chang'ombe utakuta ekstensheni moja inapita dirishani inalisha vyumba viwili, humo athi usiitafute. Na hata nyumba ikiwa na athi, ile fimbo iliyochimbiwa chini inategemea udongo wenye unyevu, na udongo wetu kuanzia Mei mpaka Novemba unakauka mpaka unapasuka, kwaiyo athi iliyokuwa inashika vizuri Februari inaweza isishike Septemba. Muite fundi umeme aipime, na hilo sio kwa ajili ya laptopu peke yake, ni usalama wa watoto wako pia. Chaja ikikupiga shoti ya kweli, ya kukufanya uvute mkono, usiitumie tena hata siku moja.

Walioko vijijini wanaotumia sola na inveta nao wanisikilize, inveta za bei rahisi zinatoa umeme wa ngazi ngazi sio wa wimbi laini, chaja zingine zinapiga kelele na tachi inatetemeka. Chaji laptopu kwanza, chomoa, ndo ufanye kazi.

Vumbi na usafi. Mtu aliyeishi hapa anajua, unafuta meza asubuhi, saa saba unaandika jina lako kwa kidole. Vumbi letu jekundu linaingia kwenye ule mfereji mwembamba kati ya kioo na fremu yake, likichanganyika na mafuta ya ngozi linagandamana kabisa, na pale ukingoni tachi inaanza kuona kidole ambacho hakipo. Zima laptopu kwanza, izime kabisa. Chukua kitambaa cha kufutia miwani, kile laini, futa kavu ili mchanga utoke bila kukandamiza, maana ukikandamiza mchanga unachora kioo. Kisha lowanisha kitambaa kidogo kwa maji safi ambayo hayana chumvi, yale ya betri yaliyochujwa ni mazuri, lakini hakikisha ni maji na sio asidi, chupa zinafanana. Sijasema maji ya bomba kwasababu maji yetu mengi yana chumvi yanaacha madoa meupe. Mafuta yakigoma tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 kwenye kitambaa, usinyunyizie kwenye kioo hata kidogo, maji yakishuka chini ya fremu yanakutana na saketi ya tachi na hapo umeua kilicho kizima. Pembeni kwenye mfereji tumia mswaki mpya laini, mkavu, laptopu ukiwa umeiinamisha vumbi lidondoke nje. Petroli, thina, sabuni ya unga na dawa za vioo vya madirisha zenye amonia viache, vinakula ile ngozi nyembamba ya juu ya kioo.

Na kama umebandika plastiki ya kulinda kioo, ibandue upime bila hiyo. Ikiwa na viputo vya hewa au vumbi limeingia chini yake, ndio hiyo.

Kabla hatujafika kwa fundi, tazama betri. Iweke laptopu mezani, je imekaa sawa au inayumba? Sehemu ya kusogezea mshale imeinuka au imekuwa ngumu kubonyeza? Mfuniko wa chini umetuna? Betri ya lithiamu ikivimba inasukuma kila kitu, na kwenye hizi nyembamba msukumo unaweza kufika mpaka kwenye kioo ukiifunga, tachi inaanza vituko. Ukiona hivyo zima, usichaji tena, usitoboe, usibonyeze irudi, usiiache kwenye gari lililopaki juani. Peleka ikatolewe. Hili sina mchezo nalo, betri iliyovimba inaweza kuwaka moto.

Kuna kipimo kimoja cha mwisho kwa anayetaka uhakika kabla ya kutoa hela, mtafute mtu mwenye flashi ya Ubuntu, huo ni mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta kama Windows, washa laptopu kutokea kwenye flashi bila kuiinstolia, chagua ile ya kujaribu. Ubuntu inabeba draiva za tachi za laptopu nyingi. Tachi ikifanya kazi humo, kioo na waya ni vizima na shida iko kwenye Windows yako, hakuna mtu wa kukuuzia kioo tena. Isipofanya kazi humo, na Windows nayo haiioni, sasa ndio ufungue mashine.

Kwa fundi. Omba uwepo wakati anafungua, fundi mwaminifu hakatai. Kitu cha kwanza achomoe na kuchomeka upya utepe wa tachi, ule waya bapa, maana kuanguka tu au safari ya basi kwenye barabara ya vumbi inaweza kuulegeza, na hapo hapo akague waya kwenye bawaba kama umechubuka. Ikithibitika ni kioo, usikubali kioo cha "inayofanana na hii". Nyuma ya kioo kuna kistika chenye namba, zinaanza na herufi kama B140, NV140, LP140 au N140, na hiyo 140 maana yake inchi 14.0. Ipige picha. Kuna aina mbili, kuna ambayo tachi ni kioo cha juu kilichogundishwa kikiwa na kisaketi chake na utepe wake, na kuna ambayo tachi imo ndani ya skrini yenyewe na vyote vinapita kwenye waya mmoja, plagi yake mara nyingi ni ya pini 40 wakati ya skrini isiyo na tachi ni ya pini 30. Ukifungiwa ya pini 30 na waya wake wa pini 30, picha itakuja safi na utafurahi, tachi ndo hutaiona milele. Kwaiyo namba kwanza, hela baadaye, na kama kioo kinaagizwa Dar, namba hiyo ndo inatumwa, sio jina la laptopu. Kioo chako cha zamani kidai, ni mali yako.

Na kama hela hakuna kwa sasa, usiteseke na mashine inayojibonyeza. Rudi Device Manager, HID-compliant touch screen, chagua Disable device, tachi inazimika na laptopu inabaki ya kawaida kabisa, kibodi na mausi vinafanya kazi, utaandika risechi yako utamaliza. Ikiwa inajibonyeza kiasi kwamba huwezi hata kufika huko, tumia kibodi tupu, Windows na X, kisha herufi M, Tab, shuka kwa mishale mpaka Human Interface Devices, mshale wa kulia kuifungua, shuka kwenye ya tachi, alafu Shift na F10 itakuletea menyu, chagua Disable. Baada ya apdeti kubwa ya Windows inaweza ikajiwasha tena, unaizima tena.

Siku ya kuchukua laptopu kwa fundi usilipe kwa kuangalia picha tu. Fungua Paint pale pale kwenye benchi lake, chora skrini nzima, chaja ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa, kioo kikiwa kwenye pembe tofauti. Kisha washa kamera, rekodi sauti kidogo, na unganisha na haspoti ya simu yako ukiwa umesogea hatua kadhaa nje ya mlango, maana nyaya za kamera, za maiki na mara nyingi za antena ya Wi-Fi zinapita kwenye mfuniko huo huo aliokuwa anaufungua, na ukigundua kesho ukiwa Kibaigwa kwamba Wi-Fi haishiki, kurudi ni nauli nyingine.